Shukrani Huanzia Barabarani

Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, Serikali ya Kenya ilianza kutumia amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Shabaha ya amri hiyo ilikuwa njema: kuyazuia yasienee maradhi ya korona, ambayo yalikuwa yamegunduliwa nchini humo wiki mbili tu kabla. Lakini siku hiyo hiyo, saa ya amri ikiwa haijawadia, umati wa watu waliotoka kazini na kuwahi feri katika kivuko cha Likoni, Mombasa, ulitawanywa kwa virungu na mabomu ya machozi. Wengi katika umati huo hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakikimbilia nyumbani ili waitii amri ile ile.

Kisa hicho chastahili kukumbukwa na kila avaaye sare, si kwa nia ya kuwasuta majirani, bali kwa sababu chafundisha jambo lililo rahisi kusahauliwa. Serikali inapowaamuru wananchi wakae majumbani, haiwaamuru wote. Ili mlango mmoja ubaki umefungwa, pana watu ambao milango yao haina budi kufunguliwa: muuguzi wa zamu ya usiku, fundi wa mitambo ya maji, fundi wa umeme, mwoka mikate, mzoa taka, dereva wa lori la nafaka, na askari mwenyewe aliyesimama lindoni. Hao ndio watumishi wa huduma muhimu. Wakisimamisha kazi, amri ya kukaa ndani itavunjika yenyewe, kwa kuwa hakuna awezaye kujifungia siku nyingi bila ya maji wala chakula.

Dunia ilitafuta njia mbalimbali za kuwashukuru watu hao. Nchini Uingereza, kuanzia tarehe 26 Machi 2020, wananchi walisimama milangoni mwao kila Alhamisi usiku kwa muda wa wiki kumi, wakiwapigia makofi wauguzi na madaktari. Lilikuwa jambo la kutia moyo. Hata hivyo, mwezi Machi 2021 serikali ya nchi hiyo ilipopendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia 1 tu, wauguzi wale wale walikasirika, hata ikabidi nyongeza hiyo ipandishwe mwezi Julai hadi asilimia 3. Makofi yana utamu wake, lakini hayanunui unga.

Katika nchi za Afrika Mashariki shukrani ilipimwa kwa kipimo kingine kabisa. Muuguzi anayetoka nyumbani kwake usiku, wakati barabara ni tupu, hakutani na waziri wala mkuu wa mkoa. Uso wa kwanza wa Serikali anaouona ni uso wa askari aliyeko kwenye kizuizi cha barabarani. Askari huyo akimsalimu, akatazama kitambulisho chake na kumpisha upesi, Taifa zima limemshukuru. Akimtukana au kumchelewesha bila sababu, Taifa zima limemtukana, na mgonjwa anayemsubiri wodini ndiye atakayelipa gharama.

Amri ya Kenya yenyewe ilikuwa imeorodhesha watu walioruhusiwa kutembea usiku, wakiwamo watumishi wa afya, wa maji, wa umeme, wa bandari na wa usafirishaji wa chakula. Lakini hakuna orodha iwezayo kutaja kila jambo. Katika ripoti yake ya Aprili 2020, shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za mwendesha bodaboda mmoja wa pwani ya Kenya, aliyepigwa na polisi baada ya kumfikisha hospitali mama mjamzito wakati wa amri. Baadaye alifariki dunia kwa majeraha yake. Jina la kazi yake halikuwamo katika orodha, lakini kazi aliyoifanya usiku ule, ya kuokoa roho mbili, ndiyo hasa huduma muhimu.

Tarehe 1 Aprili 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi wananchi kwa matendo yaliyovuka mipaka. Hata hivyo, kufikia mwanzo wa Juni mwaka huo, chombo cha Kenya chenye jukumu la kuwasimamia polisi kilitangaza kwamba kilikuwa kimepokea taarifa za vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu amri ianze. Amri iliyowekwa ili kuokoa maisha ilikuwa imegharimu maisha.

Uganda nayo ilipitia njia inayofanana na hiyo. Mabasi na teksi vilisimamishwa mwishoni mwa Machi 2020, na siku chache baadaye magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku na amri ya kutotoka nje ikatangazwa. Wauguzi wengi walijikuta wakienda kazini kwa miguu. Mwanzoni, hata mgonjwa aliyehitaji gari alitakiwa kupata kwanza idhini ya mwakilishi wa Rais wilayani, na mwezi Aprili ndipo wajawazito waliporuhusiwa kwenda hospitali bila ya kibali. Askari wa ulinzi wa mitaa walipowachapa viboko wachuuzi mjini Kampala, uongozi wa jeshi uliomba radhi hadharani. Lakini askari wa nchi hiyo walionekana pia katika sura nyingine. Mwezi Aprili, Serikali ilipoanza kugawa chakula kwa wahitaji wa Kampala na Wakiso, kilo 6 za unga na kilo 3 za maharage kwa kila mtu, askari walishiriki kukifikisha chakula hicho milangoni. Sare ni ile ile. Kilichotofautiana ni moyo wa aliyeivaa.

Kundi jingine lililosahauliwa upesi ni la madereva wa malori. Bidhaa nyingi za Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Ndiyo sababu mipaka ilipofungwa kwa abiria, iliachwa wazi kwa mizigo. Mwezi Mei 2020 misururu ya malori ilienea kwa makumi ya kilomita katika njia ya Malaba, madereva na utingo wao wakilala chini ya magari kwa siku kadhaa wakisubiri majibu ya vipimo. Mpakani Rusumo, madereva walitakiwa kukabidhi malori yao kwa wenzao wa upande wa pili, jambo lililoleta manung'uniko mpaka wakuu wa Tanzania na Rwanda walipokutana mwezi huo huo na kuafikiana. Kuwapima madereva lilikuwa jambo la lazima. Lakini katika vijiji vingi njiani walinyoshewa vidole na kuitwa waleta maradhi, na watu wale wale waliokuwa wakila chumvi na sukari waliyoileta. Wahenga walisema kweli: shukrani ya punda ni mateke.

Yapo pia matendo yaliyo juu ya uwezo wa askari wa barabarani, nayo ni wajibu wa wakubwa. Mwezi Machi 2020 Rais wa Kenya na Makamu wake walikubali kukatwa asilimia 80 ya mishahara yao. Rwanda, ambayo iliwafungia watu wake ndani tangu Machi hadi mapema Mei, iliwataka viongozi wake wa juu waache mshahara wa mwezi mzima wa Aprili kwa ajili ya wahitaji. Hiyo ni mifano bora. Lakini mwezi Disemba mwaka huo huo wauguzi na maafisa tabibu wa Kenya waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga, bima ya afya na posho ya hatari. Mgomo huo uliendelea kwa zaidi ya miezi miwili. Mtu aliyeitwa shujaa mwezi Aprili hapaswi kugoma mwezi Disemba kwa kukosa glovu.

Mambo haya si historia iliyokwisha. Mwezi Oktoba 2022, Uganda ililazimika kuzifunga wilaya za Mubende na Kassanda kwa miezi miwili kwa sababu ya Ebola. Watumishi wa afya 7 walipoteza maisha katika mlipuko huo, na mmoja wao alikuwa daktari kijana wa Kitanzania aliyekuwa masomoni huko. Mwaka 2024 ugonjwa wa Marburg ulipozuka Rwanda, wengi wa walioambukizwa walikuwa watumishi wa afya. Maradhi hayaombi pasi ya kusafiria. Siku yakitufikia, askari ndiye atakayeamriwa kusimama barabarani.

Siku hiyo, yapo mambo machache ya kuzingatia, na hakuna linalohitaji fedha. Kwanza, kila askari aelezwe kabla ya kupangwa lindoni ni nani wanaoruhusiwa kupita, na aliyempanga ahakikishe kwamba ameelewa. Pili, kitambulisho kitazamwe kwa umbali unaofaa na kwa lugha ya heshima. Neno "pole kwa kazi, mama" halipunguzi nguvu za amri hata chembe. Tatu, mwenye mgonjwa apishwe kwanza, na maswali yafuate baadaye. Nne, anayekutwa akivunja amri aandikwe na kufikishwa panapostahili, kwa kuwa kirungu hakikupewa askari ili awe hakimu. Tano, askari mwenyewe avae barakoa na anawe mikono, maana anayekutana na mamia ya watu kwa siku aweza kuyabeba maradhi hadi kambini na nyumbani.

Askari naye ni mmoja wa watumishi hao wa huduma muhimu. Naye huacha watoto wake nyumbani, naye husimama juani na mvuani akiwa na hofu ile ile aliyo nayo muuguzi, na mara nyingi hakuna anayempigia makofi. Anayo haki ya kushukuriwa, na wakubwa wake wanao wajibu wa kumpatia chakula, zamu za kupokezana na vifaa vya kujikinga. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ndiyo maana yeye, kuliko mtu mwingine yeyote, aweza kuielewa hali ya mwanamke anayemkaribia saa 8 za usiku akiwa na kanzu nyeupe mkononi. Hao wawili wako katika zamu moja. Anapomwinulia kizuizi, anamsaidia mwenzake kufika kazini.