Ngumi za Kulipwa: Madhara ya Ubongo na Hukumu ya Sharia

Kijana wa Ujiji au Kigoma mjini anapomwuliza imamu wake kuhusu ngumi za kulipwa, yafaa ajibiwe kwa elimu.

Ubongo huelea ndani ya fuvu. Konde la kidevuni hukizungusha kichwa ghafla, ubongo ukachelewa kukifuata, na mishipa midogo ya damu iliyo juu yake ikakatika. Damu hujikusanya na kuukandamiza ubongo. Wako wanaotoka ulingoni wakitembea, kisha huzimia baada ya saa chache. Hatari huzidi kwa anayejinyima maji ili apunguze uzito, na kwa anayerudi kupigana kabla hajapona. Glavu hulinda mkono wa mpigaji, si ubongo wa mpigwaji. Desemba 2024, bondia Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya kuangushwa ulingoni jijini Dar es Salaam.

Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao cha 10, Safar 1408 (Oktoba 1987), liliamua kuwa ngumi za namna hii ni haramu, kwani msingi wake ni kumdhuru mwenzako. Dalili ziko katika Al-Baqara 195 na An-Nisaa 29, pamoja na hadithi ya Abu Hurayra inayokataza kupiga uso.

Husemwa: "Wote wawili wameridhia." Tunajibu: mafakihi wamesema, anayemwambia mwenzake "niue" hahalalishi kuuawa kwake.

Tuwaelekeze vijana wetu kwenye mbio na kuogelea, ziwa tunalo. Wallahu a'lam.