Gari Jepesi na Tamaa ya Magurudumu Mapana

Jioni moja ya masika rafiki yangu mmoja alikuwa akirudi nyumbani na binti yake wa miaka tisa. Mvua ilikuwa imekatika punde tu na barabara ilikuwa na madimbwi ya hapa na pale. Alipoingia dimbwi moja, ambalo kwa macho yake halikuwa na kina cha kutisha, usukani ulilegea mkononi ghafla kama uliofunguliwa nati. Gari liliteleza, likajigeuza, likasimama ukingoni mwa barabara likitazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia. Binti alicheka, akidhani baba amefanya makusudi. Baba hakucheka, na kesho yake alinijia na swali lililozaa makala haya: mbona juma lililopita tu alikuwa ametumia mshahara wa zaidi ya mwezi mzima kulitia gari lile magurudumu mapana ili lishike barabara vizuri zaidi?

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza. Huenda umepata kuliona mojawapo mjini: fupi, viti viwili, paa la turubai linalokunjwa nyuma, na watoto huacha mpira wao likipita. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Marekani, Februari 1989, na huko kwao Japani likauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Waliolibuni walikuwa wakiyatazama magari madogo ya Uingereza ya miaka ya 1960, kama Lotus Elan, ambayo yalipendwa kwa wepesi wake na kulaaniwa kwa kuharibika kwake. Wajapani walichukua wepesi, wakaacha uharibifu. Aprili 2016 liliundwa gari la milioni moja la aina hiyo, hesabu ambayo hakuna gari jingine la michezo la viti viwili lenye paa la kukunjwa lililopata kuifikia.

Siri yake haiko katika injini. Ile ya kwanza ilikuwa ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi zisizozidi 120. Siri iko katika uzito: toleo jepesi kabisa lilikuwa na kilo 940 hivi. Kwa uzito huo wahandisi waliona latosha tairi la 185/60R14, juu ya ringi ya upana wa inchi tano na nusu. Mtu wa leo akiliona tairi hilo hulidharau. Lakini hawakulichagua kwa ubahili, bali walitaka dereva aihisi barabara mikononi, na gari lilegee kwa upole na kwa taarifa, si kwa kushtukiza.

Kabla ya kuendelea, hebu toka nje ukalitazame tairi la gari lolote lililo karibu nawe, hata kama ni la basi dogo la jirani. Ubavuni mwake utakuta maandishi. Tukichukua lile la 185/60R14 82H, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, nacho hakitajwi kwa milimita bali kwa asilimia ya huo upana. Yaani ubavu wa milimita 111. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 14 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Namba 82 yasema tairi moja laweza kubeba kilo 475, na herufi H kwamba lisiendeshwe zaidi ya kilomita 210 kwa saa. Mahali pengine ubavuni pana tarakimu nne ndani ya kikuta chake: mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Rafiki yangu hakuwa amezisoma hizo, na tutazirudia.

Sasa mtu anapotaka tairi pana, hapana budi kwanza alinde kimo cha gurudumu zima. Tairi la asili lina kipenyo cha milimita 578. Ukipanda ringi ya inchi 15 na tairi la 195/50, unapata 576. Gari halitajua tofauti. Ukitia 205/50 juu ya ringi hiyo hiyo, ni 586, nayo bado yavumilika. Lakini akitokea muuzaji akakwambia kwamba 195/60 ndiyo aliyo nayo dukani, na kwamba inchi 15 ni inchi 15, mshukuru uende zako. Hiyo ina milimita 615. Mshale wa mwendo ukikuonyesha 100, wewe kwa kweli unakwenda 106, na gia zote zimekuwa nzito kwa injini ambayo tangu mwanzo haikuwa na nguvu za kumwaga.

Kisha yaja hesabu ambayo mafundi wengi wa vijiweni huiruka, nayo ndiyo inayoharibu magari mengi. Ringi hufungwa kwenye habu kwa uso wake wa ndani. Uso huo aghalabu hauko katikati kabisa ya upana wa ringi, bali umesogea upande wa nje. Kiasi cha kusogea huko kimepigwa chapa kwenye ringi kwa herufi ET. Ringi ya asili ya gari hili ni ET 45, maana yake uso wa kufungia uko milimita 45 nje ya mstari wa katikati. Chukua karatasi na kalamu. Inchi tano na nusu ni milimita 140, nusu yake 70. Basi ukingo wa nje wa ringi umetokeza milimita 25 kutoka kwenye habu, na wa ndani umeingia 115. Badala yake weka ringi ya inchi saba yenye ET 35: nje yatokeza 54, ndani yaingia 124. Kwa hiyo gurudumu limesogea nje kwa milimita 29 na ndani kwa tisa. Milimita tisa za ndani springi na shokamzoba zitakusamehe. Zile 29 za nje ndizo za kuuliza: je, madigadi yana nafasi?

Katika gari ambalo halijaguswa, nafasi ipo. Katika gari la rafiki yangu haikuwapo, maana mwenye gari wa kwanza alikuwa amekwisha kata springi ili lilale chini. Naye juu ya hapo akatia ringi za inchi tisa na tairi za 225/45. Kila alipokanyaga tuta, mdomo wa madigadi ulikuwa ukiyanyoa matairi ya nyuma kama seremala na randa. Wako wanaoukunja mdomo huo kwa ndani ili kupata nafasi, na kazi hiyo ikifanywa polepole, bati likipashwa moto kwanza ili rangi isipasuke, haina ubaya. Aidha gari hili lina boliti maalumu katika kila gurudumu za kurekebisha mwinamo, hata kichwa cha gurudumu kikaingia ndani kidogo. Lakini hayo yote hufuata kipimo. Hayafanywi ili kufidia ununuzi uliokwisha fanywa kwa macho.

Turudi kwenye swali la rafiki yangu. Wengi huamini kwamba tairi likiongezwa upana, eneo linalogusa ardhi nalo huongezeka kwa kadiri ile ile. Sivyo. Gari hili likiwa na dereva lina kama kilo elfu moja, yaani kilo 250 kwa kila tairi. Kinachozibeba kilo hizo hasa ni upepo uliomo ndani, ambao kiwanda kiliagiza uwe ratili 26 kwa kila inchi ya mraba. Ukigawanya, utaona kwamba kila tairi lagusa barabara kwa eneo la takriban sentimita za mraba 140, sawasawa na kiganja cha mtu mzima. Ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ndogo, hivyo hesabu si kamili, ila haiko mbali. Ukiweka tairi pana na upepo ule ule, kiganja kinabaki kiganja. Kinachobadilika ni umbo. Tairi jembamba hulaza kiganja kwa urefu, pana hukilaza kwa upana.

Umbo hilo lina faida yake, wala sitaki nionekane nawakatisha tamaa vijana. Katika kona, kwenye lami kavu, kiganja kilicholala kwa upana hukamata mapema na usukani hujibu upesi. Mpira ulio mwingi pia hupoa vizuri, kwa hiyo watengenezaji huweza kutumia mpira laini zaidi, na ulaini huo ndio unaoleta sehemu kubwa ya mshiko ambao watu huusifia upana. Wanaoshindana katika viwanja vya mbio kwa magari haya hupanda tairi za 225 kwa sababu njema: wanazipasha moto mzunguko baada ya mzunguko, na wamezipima springi zao ziendane nazo. Anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni hazipashi moto kamwe. Analipia mpira ambao hautamtumikia, anageuza usukani mzito zaidi, na kila shimo la barabara linampiga mkononi.

Mvua nayo ina hesabu yake. Tairi linapoingia majini lazima liyasukume pembeni kabla ya kuigusa lami. Lililo jembamba hupasua kama ngalawa. Lililo pana lina maji mengi zaidi ya kuondoa na muda mfupi zaidi wa kuyaondoa. Likishindwa, hupanda juu ya maji, na hapo breki na usukani havina kazi tena. Gari zito huweza kulisaidia tairi lake kwa kulikandamiza. Gari la kilo 940 halina msaada huo. Tukaenda pamoja kuyatazama matairi ya rafiki yangu. Yalikuwa ya mitumba. Zile tarakimu nne zilionyesha yalikuwa na miaka saba, na mifereji ya katikati ilikuwa imebaki kama michirizi ya kucha. Fundi aliyeyafunga alikuwa ameyajaza upepo wa ratili 36, kwa kuwa ndivyo anavyoyajaza magari yote.

Tukagundua na jingine, lililonitia baridi kuliko dimbwi. Tundu la katikati la ringi zile lilikuwa kubwa kuliko habu. Habu ya gari hili ina milimita 54.1, na ringi nyingi za kuuzwa kwa magari mbalimbali hutobolewa zaidi ya hapo. Dawa yake ni pete rahisi ya plastiki au ya madini, ya bei ndogo, inayojaza nafasi ili gurudumu likae katikati barabara. Hapakuwa na pete. Na nati zilikuwa zile za zamani, zisizokaa sawasawa kwenye matundu ya ringi mpya. Mbili kati ya kumi na sita zilizunguka kwa vidole.

Kama unafikiria kufanya kazi hii, basi nunua pete na nati pamoja na ringi, siku hiyo hiyo. Zikaze kwa mshazari, si kwa kufuatana, gari likiwa limening'inia. Malizia likiwa chini. Geuza usukani mpaka mwisho kila upande, mtu akiwa amekaa ndani, utazame kama kuna kinachogusa. Baada ya kilomita hamsini au mia, zikaze tena. Halafu upeleke gari kupimwa unyoofu wa magurudumu, maana upana hukuza kila kosa lililokuwa limejificha.

Rafiki yangu hakurudi kwenye inchi 14. Alichagua ringi za inchi saba na tairi mpya za 195/50R15, akatafuta springi za kimo cha asili, akajaza ratili 26. Zile pana zingali kwake, zimepangwa ukutani nyuma ya banda la kuku. Anasema zinamngoja mnunuzi. Binti yake anauliza kila mvua inyeshapo kama baba atafanya tena ule mchezo wa kuzunguka.