Kikojozi Hana Hatia

Katika masaibu yanayowapata watoto wetu wakingali wadogo, ni machache yanayowatia fedheha kama lile la kuamka alfajiri na kujikuta wamelala katika unyevu, ilhali ndugu zao waliolala nao kitanda kimoja wamekwisha kuanza kunong'ona, na mama yuko mlangoni anauliza ni nani. Jina la kikojozi hutajwa kwanza nyumbani kwa mzaha, likapita uani kwa jirani, likafika chuoni na shuleni, na mtoto ambaye hata miaka saba hajaitimiza akajiona amebeba izara ambayo mtu mzima asingeistahimili. Wako waliotembezwa mtaani na mkeka kichwani huku wenzao wakiwafuata kwa nyimbo. Wako waliochapwa asubuhi baada ya asubuhi. Na wako walionyimwa maji tangu adhuhuri hata midomo ikawakauka. Makusudi yangu ni kueleza kwa nini adhabu hizo zote ni dhuluma, na ni njia gani zimethibitika kumfaa mtoto wa namna hiyo.

Figo huchuja damu usiku na mchana, na mkojo unaopatikana hushuka kidogo kidogo ukajikusanya katika kibofu. Matabibu wana hesabu nyepesi ya kukadiria nafasi ya kibofu cha mtoto: umri wake uongezwe mmoja, kisha jumla izidishwe kwa 30, na jawabu litakuwa kadiri ya mililita ambazo kibofu hicho hutazamiwa kuchukua. Mtoto wa miaka sita, basi, ana nafasi ya mililita 210 hivi, nazo hazijazi gilasi kubwa ya maji. Ili alale mpaka asubuhi akiwa mkavu, yahitajika moja katika mambo mawili: ama mkojo wa usiku uwe mchache usiizidi nafasi hiyo, ama ubongo uisikie ishara ya kibofu kilichojaa na kumwamsha mwenyewe. Jambo la kwanza husimamiwa na homoni iitwayo vasopresini, ambayo huziamuru figo zirudishe maji mwilini zisiyamwage. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Aarhus, nchini Denmark, waliipima homoni hiyo wakaona kwamba kwa watoto wakavu hupanda usiku, na kwa baadhi ya waliokuwa wakikojoa kitandani haikupanda, ikawa figo zao zinafanya kazi usiku wa manane kama kwamba ni mchana. Jambo la pili ni la usingizi, na mama anayesema kuwa mwanawe ni mzito wa kuamka, hata aitwe kwa sauti kuu, asidhaniwe kuwa anamtafutia udhuru, kwani aghalabu ndivyo ilivyo.

Mambo hayo mawili hukomaa kila moja kwa wakati wake, kama meno yaotavyo, kwa huyu mapema na kwa yule baadaye, na hakuna mzazi mwenye akili amchapaye mtoto kwa kuchelewa kuota meno. Ndiyo maana matabibu hawaliiti jambo hili maradhi kabla ya mtoto kutimiza miaka mitano. Hata akiisha kuitimiza, katika kila watoto 100 wa umri huo wapatao 15 bado hukojoa usiku. Wafikapo miaka kumi hubaki watano hivi. Na katika watu wazima ni kama mmoja tu. Wavulana ni wengi kuliko wasichana. Kila mwaka upitao, katika vikojozi 100 yapata 15 hupona wenyewe pasipo dawa wala kafara, na nadhani sifa nyingi walizopata waganga kwa hirizi na mizizi zilikuwa haki ya mwaka huo uliopita.

Tena jambo hili hurithiwa. Ikiwa mzazi mmoja alikuwa kikojozi utotoni, uwezekano wa mtoto kuwa hivyo ni kiasi cha 44 katika 100. Wakiwa ni wazazi wote wawili hufika 77. Mwaka 1995 wataalamu wa Denmark waliofuatilia koo zenye hali hiyo waliona dalili ya urithi huo katika kromosomu ya 13. Basi baba ashikaye fimbo alfajiri yampasa kwanza amwulize mama yake mzazi, kwa faragha, habari za godoro lake yeye mwenyewe alipokuwa na umri ule. Na akiisha kujibiwa, amsimulie mwanawe, kwa sababu mtoto akijua kwamba baba naye yalimpata na yakamwondokea, hupata matumaini ambayo hakuna dawa iwezayo kuyatia.

Wanazuoni wa fiqhi wametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka arudiwe na akili yake. Kikojozi ana udhuru mara mbili, maana ni mtoto na tena amelala. Ikiwa Mwenyezi Mungu hamwandikii, sisi twamwandikia kwa mamlaka gani? Fimbo haiwezi kumfundisha mtu jambo alilolitenda akiwa hana fahamu. Itamfundisha kuogopa kitanda, kuficha nguo, na kusema uongo.

Msaada wa kwanza ni kutengeneza mchana wake. Watoto wengi hwenda shule pasipo kunywa kitu cha maana, na huko hujizuia kunywa kwa kuchukia vyoo vichafu, wakarejea jioni na kiu ya kutwa wakanywa mpaka watosheke. Na maji hayo yote hutoka usiku. Apewe maji ya kutosha asubuhi na mchana, apunguziwe tangu magharibi lakini asinyimwe, na chai ya rangi, kahawa na soda ya kola ziondoshwe kabisa katika chakula chake cha jioni. Mwezi wa Ramadhani, kwa mtoto anayejizoeza kufunga, mambo hupinduka, kwani kunywa kote huwa ni kati ya futari na daku. Mzazi asistaajabu basi kitanda kikilowa zaidi, wala asidhani kuwa mtoto amerudi nyuma.

Achunguzwe pia choo chake kikubwa. Mtoto anayekaa siku tatu bila kwenda haja, au ambaye choo chake ni kigumu, ana utumbo uliojaa unaokibana kibofu kwa nyuma na kukipunguzia nafasi, na wako waliokauka vitanda mara tu tumbo lilipolainika kwa papai, maharage, mboga za majani na maji. Halafu itazamwe njia ya kwendea chooni. Katika nyumba nyingi choo kiko nje, ng'ambo ya ua, gizani, na mtoto aliyeamka akasikia mbwa au akakumbuka hadithi za mashetani hujirudisha kitandani akajikaza mpaka usingizi umchukue tena. Kopo lenye kifuniko chini ya kitanda, na taa ndogo, huondosha dhiki hiyo kwa gharama ya senti chache. Godoro livishwe plastiki chini ya shuka. Mtoto ashirikishwe kubadili matandiko kama mtu anayesaidia kazi, asiwe kama mfungwa. Na akisifiwa, asifiwe kwa yale awezayo kuyatenda akiwa macho, kama kwenda haja kabla ya kulala, asisifiwe kwa kuamka mkavu, jambo ambalo haliko mikononi mwake. Wazazi wenye kumbeba mtoto saa tano za usiku akiwa nusu usingizini huokoa shuka ya usiku ule, na si vibaya, ila ubongo wake haujifunzi kitu kwa hilo.

Kinachoufundisha ubongo ni kengele, na habari yake yapendeza. Mwaka 1904 tabibu wa watoto, Meinhard von Pfaundler, alitangaza chombo alichokiweka chini ya watoto hospitalini, kilichopiga kengele kila kilipolowa, makusudi yake yakiwa ni kuwajulisha wauguzi tu waje kubadilisha nguo. Lakini baada ya muda ilionekana kwamba watoto wenyewe wameanza kuacha kukojoa. Nchini Marekani mwaka 1938 Orval Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae waliifanya njia hiyo kuwa tiba kamili. Kengele hutumiwa kila usiku kwa miezi miwili au mitatu, na mwanzoni mzazi ndiye aamkaye na kumwamsha mtoto, ambaye huenda asiisikie. Na watoto kama wawili katika kila watatu hukauka. Vyombo hivi havijaenea madukani kwetu, nami natamani hospitali zetu za watoto ziwe navyo vya kuazimisha, kwa kuwa ni tiba isiyoingia damuni.

Dawa nayo ipo, desmopresini, ambayo huiga kazi ya vasopresini. Hufaa hasa kwa safari au mwanzo wa kukaa bweni, lakini aghalabu hali hurudi ikiachwa, na aliyeimeza hapaswi kunywa maji mengi tangu saa moja kabla yake hata saa nane baadaye, kwa hatari ya chumvi ya damu kushuka na kuleta degedege. Isinunuliwe pasipo tabibu.

Tabibu aonwe kwa kila mtoto anayekojoa na mchana pia, anayehisi maumivu, au anayekoroma sana usiku. Mwambaoni na Visiwani mkojo wenye damu ni dalili ya kichocho, nacho kina dawa. Katika Tanzania, ambayo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa selimundu, ifahamike kwamba figo za mgonjwa huyo hushindwa kuukoleza mkojo, kwa hiyo yampasa kunywa maji mengi, na kumnyima kwa ajili ya godoro ni kumtia katika hatari ya maumivu makali.

Lakini wa kuharakishiwa kuliko wote ni yule aliyekuwa mkavu kwa miezi sita au zaidi, kisha akaanza tena. Akiwa ana kiu isiyokatika, anakojoa kila mara na anakonda, apimwe sukari siku ile ile, kwa maana kisukari cha watoto huua kwa siku chache. Asipokuwa na maradhi, itafutwe huzuni: msiba, kutengana kwa wazazi, kuhamishwa kwa jamaa, mwalimu mkali, au mtu anayemdhuru mwilini kwa siri. Mtoto huyu aulizwe kwa upole, peke yake, na mtu anayemwamini. Na akitaja jina la mtu, asikanywe wala asinyamazishwe, hata jina hilo likiwa la mtu wa nyumba ile ile.