Wafanyakazi wa masuwa ya Lualaba: sindika yao ilitoka wapi?

Huku Ruashi hakuna bandari hata moja. Lakini mzee aliyefanya kazi ya masuwa kule Kindu ao Kalemie, deni ya mishahara yake anaidai hapa hapa Lubumbashi, kwenye makao makuu ya SNCC. Juu ya nini mtu wa maji anadai kwa watu wa reli?

Mambo yalianza na kampuni ya CFL, iliyoundwa 1902. Yenyewe ilijenga reli pale ambapo maporomoko ya Lualaba yanazuia masuwa kupita: Kisangani mpaka Ubundu (1906), Kindu mpaka Kongolo (1911). Kwingine, masuwa ndiyo yalibeba watu na mizigo. Hivi mtu wa treni na mtu wa masuwa walikuwa na bosi mmoja. Mwaka 1974 kampuni za reli zikaunganishwa, ikazaliwa SNCZ, ndiyo SNCC ya leo.

Sindika yenyewe haikuja bure. Wabeleji hawakutaka mfanyakazi mweusi awe nayo. Mwezi wa 12, 1941, wafanyakazi wa Union Minière walifanya greve hapa Élisabethville. Tarehe 9 askari wakawapiga risasi kwenye kiwanja cha mpira, na Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake, akauawa. Novemba 1945 ikawa zamu ya wafanyakazi wa bandari ya Matadi. Huko pia risasi zikalia. Ni kiisha hapo, mwaka 1946, ndipo sindika za weusi zikakubaliwa, tena chini ya macho ya wakubwa wa koloni. Uhuru wenyewe ulikuja 1957.

Haukudumu. Mwaka 1967, chini ya Mobutu, sindika kubwa zikaunganishwa kuwa moja, ile wengi wanaijua kwa jina la UNTZa, ikifuata MPR. Mlango ulifunguka tena kiisha hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990. Leo kampuni moja inaweza kuwa na sindika nyingi, kila moja na delege wake. Wingi huo si nguvu, wenye kudai mishahara wanalijua hilo vizuri.

Na vijana wa balenyeri za watu binafsi? Sheria ya kazi ya 2002 inawapa wafanyakazi haki ya kuunda sindika. Lakini kwa watu wa masuwa, sheria hiyo inafanya kazi pale ambapo kanuni zao za pekee zinaitaja waziwazi ao zimenyamaza. Na wengi wao wanaajiriwa kwa mdomo tu, bila karatasi.