Hearthstone: fahamu sheria za mchezo huu wa karata kabla ya kutumia pesa yako

Je, umemwona mtoto wako akicheza karata kwenye simu, akitaja mana na pakiti, nawe usielewe kinachoendelea? Au wewe mwenyewe unataka kuanza kucheza? Makala hii inaeleza maneno na sheria za msingi za Hearthstone, mmoja wa michezo ya karata inayochezwa kwa intaneti. Inaeleza pia jambo ambalo ni vyema ulijue mapema: karata unazonunua ndani ya mchezo huu hazirudi tena kuwa pesa.

Hearthstone ni mchezo gani?

Ulitolewa mwaka 2014 na Blizzard, kampuni ya Marekani, kwanza kwa kompyuta. Mwaka 2015 ukafika kwenye simu. Kuupakua ni bure. Unaweza kuucheza kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine, lakini Kiswahili hakimo.

Katika karata tulizozoea, wachezaji wote hugawana karata 52 zilezile. Hapa kila mchezaji anakuja na karata zake mwenyewe, alizozikusanya kidogo kidogo. Ndiyo maana unaitwa mchezo wa kukusanya karata, na hapo ndipo pesa inapoingia.

Maneno unayopaswa kuyajua

- Shujaa: ni wewe ndani ya mchezo. Kwa kawaida anaanza na uhai 30. Uhai wake ukifika sifuri, umeshindwa.
- Rundo: karata unazoingia nazo mchezoni, kwa kawaida 30. Karata ya aina moja haizidi nakala mbili, na zile adimu kuliko zote ni nakala moja tu.
- Mana: ni kama bajeti yako ya kila zamu. Zamu ya kwanza unapata 1, ya pili 2, hadi kufikia 10. Kila karata ina bei yake ya mana. Usiyoitumia haihamii zamu inayofuata.
- Mpiganaji: karata inayobaki mezani. Ina namba mbili: nguvu ya kushambulia na uhai. Huwezi kuwa na zaidi ya wapiganaji saba mezani.
- Karata ya uchawi: hufanya kazi yake mara moja, kisha huondoka.

Kwenye karata utaona pia maneno ya Kiingereza yenye maana maalumu. Mpiganaji mwenye neno Taunt ni kama mlinzi wa mlango: wapiganaji wa mpinzani lazima wamshambulie yeye kabla ya kumgusa shujaa au wapiganaji wengine. Battlecry ni jambo linalotokea unapomtoa mpiganaji mkononi. Deathrattle ni jambo linalotokea anapokufa.

Mchezo unakwendaje?

1. Anayeanza hupewa karata 3. Wa pili hupewa 4 pamoja na sarafu inayompa mana 1 ya ziada mara moja tu, ili kufidia kuanza nyuma. Kabla ya kuanza, kila mmoja anaweza kubadilisha karata asizozitaka.
2. Kila zamu unavuta karata moja, unatumia mana yako, unashambulia, kisha unamaliza zamu. Una muda wa sekunde 75 hivi.
3. Mpiganaji mpya husubiri hadi zamu yako inayofuata ndipo ashambulie. Mwenye neno Charge hasubiri. Mwenye neno Rush anaweza kuwashambulia wapiganaji papo hapo, lakini si shujaa.
4. Wapiganaji wawili wakipambana, wote wanaumia. Kwa mfano, wako ana nguvu 4 na uhai 5, naye anamshambulia mwenye nguvu 3 na uhai 2. Yule anakufa, wako anabaki na uhai 2.
5. Rundo likiisha, kila unapotakiwa kuvuta karata unapoteza uhai: kwanza 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea.

Wachezaji wapya wengi hukosea kwa kumshambulia shujaa tu bila kuangalia meza. Kabla ya kushambulia, jiulize: nikimwacha mpiganaji huyu hai, atanifanyia nini zamu ijayo?

Pesa inaingiaje?

Karata mpya hutoka kwenye pakiti. Kila pakiti ina karata 5, lakini hujui ni zipi hadi uifungue. Pakiti inaweza kununuliwa kwa pesa halisi, au kwa dhahabu 100 ya mchezo, ambayo unaipata kwa kucheza na kukamilisha kazi unazopewa. Zipo pia karata za msingi unazozipata bure.

Karata adimu kuliko zote hutoka kwa wastani mara moja katika pakiti 20 hivi. Inawezekana ukanunua pakiti nyingi usiipate unayoitaka.

Karata usiyoihitaji unaweza kuivunja upate vumbi la kutengenezea nyingine, ila kwa hasara. Kutengeneza moja adimu kuliko zote kunahitaji vumbi 1,600. Ukiivunja iliyo ya daraja hilohilo unapata 400. Kwa hiyo unavunja nne ili utengeneze moja. Karata ya kawaida inatoa vumbi 5 tu.

Huwezi kumuuzia wala kumpa mwenzako karata, na sheria za mchezo zinakataza kuuza akaunti. Anayekuambia kuwa utapata faida kwa kununua pakiti, au anayekuuzia akaunti, usimtumie pesa.

Mwaka 2018, mamlaka ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa katika baadhi ya michezo mingine ya kompyuta ni kamari. Pakiti hizi nazo zinategemea bahati, kwa hiyo zichukulie kwa tahadhari hiyohiyo.

Ukitaka kucheza bila hasara

- Mchezo ni mzito, wa gigabaiti kadhaa, na hauchezeki bila intaneti. Upakue penye Wi-Fi, usimalize bando lako.
- Tumia dhahabu ya mchezo. Ukiamua kulipa, panga kiasi kabla ya kufungua duka, na usikizidishe.
- Mzazi, weka nywila kwenye manunuzi ya simu, hasa kama imeunganishwa na akaunti yako ya pesa. Mtoto asijue namba yako ya siri.
- Mpinzani usiyemjua anaweza kukutumia salamu chache zilizopangwa tu. Ukimkubali kuwa rafiki, ataweza kukuandikia. Mweleze mtoto asikubali maombi ya watu asiowajua.

Mchezo huu unafundisha kuhesabu, kupanga na kusubiri zamu yako. Hayo yote unaweza kuyapata bila kulipa chochote. Kaa na kijana wako, mwombe akuonyeshe rundo lake, kisha mkubaliane kuhusu muda na pesa kabla hajafungua pakiti nyingine.