Ugomvi Wako na Kioo Utaisha Lini?

Kabla hatujaendelea, nikuulize swali moja. Leo asubuhi ulipojitazama kwenye kioo, ulijiambia nini?

Wengi wetu tukisimama mbele ya kioo tunatafuta kasoro. Pua kubwa. Mapaja manene. Chunusi. Ufupi. Weusi. Kifua hakijaota, au kimeota mno. Hata chai hujanywa, tayari umeshajitukana matusi ambayo angekutukana mtu mwingine mngeshikana mashati.

Katika makala haya tuzungumze juu ya ugomvi huo, na jinsi mshauri nasaha anavyoweza kukusaidia kuupunguza. Sisemi kwa kusoma vitabuni tu. Yamenikuta.

MKOROGO WANGU

Nilikuwa na miaka 17. Nyumbani tulikuwa wasichana watatu, wenzangu wawili maji ya kunde, mimi mweusi tii. Wageni wakija hawakosi kuuliza, "Huyu naye mmemtoa wapi?" Watu wanacheka, na mimi nacheka. Usiku nalia.

Nikaanza kubana nauli ya daladala. Natoka shule kwa miguu, hela naweka, mpaka nikaweza kununua kikopo cha mkorogo kwa dada mmoja wa saluni. Kikopo hakikuwa na jina, tarehe wala maandishi yoyote. Akaniambia, "Wiki mbili tu mdogo wangu, hawatakujua."

Kweli hawakunijua. Wiki ya kwanza uso uling'aa. Wiki ya tatu ulikuwa unawaka moto nikipita juani, na mashavu yamechubuka. Nikaacha kwenda shule, nikamdanganya mama kwamba ni malaria. Siku ya nne shangazi akaja, akafunua khanga niliyojifunika, akaniangalia. Nilitegemea makelele. Akasema tu, "Vaa mwanangu, twende hospitali."

Daktari alinipa dawa ya ngozi. Alipomaliza kuandika akaniuliza, "Ukishapona, utanunua tena?" Nikanyamaza, maana jibu lilikuwa ndiyo. Akalielewa. Akanielekeza chumba cha pili, kwa mama mmoja mshauri nasaha.

KWANZA, TUJUE MKOROGO UNAFANYA NINI

Rangi ya ngozi inatokana na kitu kinachoitwa melanini. Watu weusi na weupe wana idadi inayokaribiana ya chembe hai zinazoitengeneza. Tofauti ni kiasi na aina ya melanini zinayotoa. Kazi yake mojawapo ni kuikinga ngozi na mionzi mikali ya jua.

Mikorogo mingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki huzuia melanini isitengenezwe, lakini haiishii kwenye ngozi. Inapenya mwilini, inaweza kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta madoa meusi ambayo ni magumu sana kuondoka. Steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba na yenye michirizi. Ndiyo maana vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya.

Kama umekuwa ukitumia kwa muda mrefu, usione aibu kwenda hospitali. Ukiacha ghafla ngozi inaweza kuwasha na kuvimba, na ukarudia mkorogo kwa kudhani ndiyo dawa. Mwambie daktari ukweli wote, na kikopo nenda nacho.

USHAURI NASAHA SI WA KUPIMA UKIMWI TU

Ukisikia "ushauri nasaha" pengine unafikiria kupima virusi. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa tayari kuhubiriwa: msichana mzuri wa Kiafrika hajichubui, rangi nyeusi ni fahari, na kadhalika. Yule mama hakuhubiri. Akasema, "Hebu nisimulie," kisha akanyamaza.

Huo ndio msingi wa kazi yao. Tangu miaka ya 1940, mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alifundisha kwamba mtu hubadilika vizuri zaidi anaposikilizwa na kukubaliwa bila kuhukumiwa. Fikiria mwenyewe: ukifokewa unajitetea, na mtu anayejitetea hana nafasi ya kujichunguza.

Utakayomwambia mshauri ni siri. Hata hivyo, kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au kuna mtu anakudhulumu, atalazimika kuwashirikisha wengine ili ulindwe. Mshauri mzuri anakwambia hivyo mapema. Kama hajasema, muulize.

NANI ALIKUFUNDISHA KUUCHUKIA MWILI WAKO?

Nilimwona mara tano. Mara ya kwanza nilisimulia na kulia. Kabla sijaondoka alinipa kazi: ninunue daftari dogo, na kila nitakapojichukia niandike mambo matatu. Wazo lenyewe, lilikuja wapi na saa ngapi, na baada ya hapo nilifanya nini.

Niliporudi tukasoma pamoja. Kumbe mawazo yale hayakuwa yanakuja ovyo. Yalikuja wakiingia wageni, nikipita saluni, nikiangalia picha kwenye simu. Nikiwa nachota maji au nacheza netiboli hayakuja hata mara moja. Mama akauliza, "Sasa hili wazo ni la kwako, au umeazimwa?"

Swali hilo liweke moyoni, maana vipimo vya uzuri hubadilika kila mara. Tazama Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambako mwili mnene ulikuwa ukisifiwa. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Aliporudia mwaka 1998, karibu 11 katika kila 100 walikuwa wanajitapisha. Miili yao ilikuwa ileile ya kwao. Kilichoongezeka ni macho ya kujitazamia.

Hata hapa kwetu. Muulize mama yako juu ya miaka ya mwisho wa 1980 na ya 1990. Mtu akikonda kidogo, majirani wananong'ona kwamba anao ukimwi. Mwaka 1994 mashindano ya Miss Tanzania yakarudi, na wasichana wembamba warefu wakapigiwa makofi. Leo kuna wanaomeza vidonge visivyojulikana ili waongeze makalio, eti wamepigwa pasi. Mwili mmoja ungezomewa, ungeshangiliwa na ungezomewa tena. Utaufuata upi?

SI LAZIMA UJIPENDE LEO

Hapa ndipo mama yule aliponishangaza. Nilitegemea aniambie nisimame mbele ya kioo nijiambie, "Mimi ni mrembo." Nilishajaribu. Nilijiona mwongo, nikazidi kuumia.

Akasema, "Usiseme usichokiamini. Sema kilicho kweli." Badala ya "uso wangu mbaya", na badala ya "uso wangu mzuri", alinifundisha kusema, "Huu ni uso wangu. Umechubuka. Unahitaji kupumzika na jua." Basi.

Msimamo huu wa kati ulianza kuzungumzwa sana Marekani karibu na mwaka 2015. Maana yake ni kwamba huna haja ya kuusifu mwili wako wala kuutukana. Unautunza kwa sababu ni wako na unaishi ndani yake. Thamani yako kama mtu haipandi ukipendeza wala haishuki ukitoka chunusi.

Badala ya kuuliza "unaonekanaje?", unauliza "umefanya nini leo?" Miguu imekupeleka shule na kukurudisha. Mikono imembeba mdogo wako. Ngozi ileile niliyokuwa naichubua ilikuwa inanikinga na jua nilipotembea kwa miguu ili nipate hela ya kuichubua. Siku alipoliweka hivyo, nilicheka kwa mara ya kwanza mle chumbani.

Angalia usielewe vibaya. Kufanya amani na mwili hakuna maana ya kuacha kuoga, kula ovyo au kuogopa kusuka. Suka, paka mafuta, fanya mazoezi. Tofauti iko kwenye sababu. Anayekimbia ili apate pumzi na anayekimbia kwa kujiadhibu, wote wanatoka jasho, lakini mmoja tu ndiye atakayekimbia tena kesho kwa furaha.

NA NYINYI WAVULANA

Kaka, usigeuze ukurasa. Kuna kijana wa miaka 14 anayekataa kucheza mpira kwa sababu wenzake wameota ndevu naye bado. Kuna anayechomwa sindano asizozijua ili apate misuli.

Ujue hivi: wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Kwa hiyo darasa moja linaweza kuwa na mwenye sauti nzito na mwenye sauti ya mtoto, na wote wakawa wazima. Ukifika miaka 14 bila dalili yoyote, mwone daktari akupime. Msichana, ziwa moja kutangulia kukua ni jambo la kawaida. Na chunusi husababishwa na homoni zinazoongeza mafuta ya ngozi. Anayekwambia zitaisha ukifanya mapenzi anatafuta lake.

UTAWAJIBUJE WATU?

Wewe unaweza kupatana na mwili wako, lakini watu wataendelea kusema. Mara ya nne tulifanya mazoezi ya kujibu. Kwa rafiki ni rahisi: "Bwana ee, utani wa mwili wangu umetosha, tafuta mwingine." Kwa mkubwa unatumia adabu, lakini unasema: "Shikamoo mama mkubwa. Naomba tusiongelee rangi yangu, inaniumiza. Niulize habari za shule." Nilitetemeka nilipoyasema kweli. Mama mkubwa alishtuka, akanyamaza, kisha akaniuliza habari za shule.

Si wote watakaonyamaza. Wakikataa, ondoka polepole, nenda jikoni, fanya shughuli nyingine. Hujashindwa.

MIMI LEO

Uso ulipona. Vifundo vya vidole vina sugu mpaka leo. Kuna siku nasimama mbele ya kioo na yale maneno ya wageni yanarudi. Siku hizo sijilazimishi kujipenda. Nanawa, napaka mafuta, naenda kazini. Sijanunua kikopo tena.

USISUBIRI

Tafuta msaada haraka kama unakataa chakula au unajitapisha ili ukonde, kama hedhi imekatika kwa sababu ya kujinyima kula, kama unajificha usionekane na watu, au kama unawaza kujidhuru au kufa. Hayo yanahitaji mtaalamu, na yanatibika.

Pa kuanzia ni mwalimu wa malezi shuleni, ofisi ya ustawi wa jamii, au hospitali ya wilaya. Uliza mshauri nasaha au huduma rafiki kwa vijana. Ukiwa na umri chini ya miaka 18, Tanzania au Kenya, piga simu 116 bila malipo. Ukikutana na mshauri anayekuhukumu, usikate tamaa, omba mwingine. Na kama huna pa kuanzia, mtafute shangazi mmoja asiyepiga makelele.

KAZI YAKO WIKI HII

Chukua daftari. Kila jioni andika jambo moja ambalo mwili wako umekufanyia siku hiyo. Usiandike umependezaje. Andika umefanya nini. Baada ya siku saba soma yote, halafu urudi kwenye lile swali la mwanzo: leo asubuhi mbele ya kioo, ulijiambia nini?