Mtoto Akiungua, Maji Kwanza

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Kawempe. Huko, kama kwingi mjini Kampala, watu hupika kwa jiko la makaa, ambalo Waganda huliita sigiri. Huwekwa chini, karibu na mlango, mahali watoto wanapochezea. Jioni moja mtoto wa dada yangu, mwenye miaka miwili, alivuta birika, chai ya moto ikammwagikia mkononi.

Tulifanya nini? Jirani mmoja alileta dawa ya meno, mwingine mafuta ya kupikia. Mimi nilikimbilia bodaboda, na nilipoipata nikakumbuka sina hata shilingi mfukoni. Tulipofika kwenye zahanati, muuguzi alimpangusa yale mafuta, akauliza, "Mlimmwagia maji?" Tulinyamaza. Dumu lililojaa maji lilikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye jiko. Mtoto alipona, lakini kovu analo, nami kila nilionapo naona haya.

Basi yatupasa tujue sababu. Ngozi iliyoungua huendelea kuharibika hata baada ya moto kuondoka, maana joto limebaki ndani. Maji hulitoa, mafuta na dawa ya meno hulizuia humo, tena huchafua kidonda. Kwa hiyo mvue mtoto nguo, isipokuwa iliyogandamana na ngozi, ummiminie maji safi ya baridi, wala si barafu, kwa dakika 20. Bomba likikosekana, kikombe na dumu vyatosha. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke kwa daktari. Walioungua vibaya hutibiwa hospitali ya Kiruddu, kule Makindye, upande wa pili wa mji. Safari ni ndefu, nayo ngozi haingoji.

Mafuta ya taa nayo yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwani huweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali upesi.

Tena tujiandae mapema: jiko liwe mbali na watoto, dumu lisikose maji, na nauli iwekwe kando isiguswe. Wanafunzi wa zamani, ninyi mlio baba sasa, na sisi wadogo wenu, tuanze leo. Husemwa ajali haina kinga. Lakini maji tunayo nyumbani.